Nipe Daftari la Shukrani, Lakini Nilipe Kwanza

Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, kazini tuligawiwa madaftari. Sitadanganya, yalikuwa mazuri. Jalada gumu la kijani, utepe wa kuweka alama, na juu ya kila ukurasa, kwa wino wa dhahabu, maneno: "Leo nashukuru kwa..." Kesho yake ilikuwa Siku ya Afya ya Akili Duniani, na kwa sababu tarehe 10 Oktoba ni sikukuu huku kwetu, waliamua kutuwahi. Meneja wa wafanyakazi alisimama mbele yetu, vijana thelathini na kitu wa kupokea simu za wateja, akatuambia kila usiku kabla ya kulala tuandike vitu vitatu vya kushukuru. Akasema shukrani ni dawa. Akasema moyo wenye shukrani hauna nafasi ya msongo wa mawazo. Tukapiga makofi.

Siku hiyo hatukuwa tumelipwa mshahara wa Agosti wala wa Septemba.

Rudia kusoma hiyo sentensi, halafu tuendelee.

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio mtu asije akaniwekea maneno mdomoni. Sipingi daftari la shukrani. Niko nalo mpaka leo, hapa Kayole, chini ya mto. Ninachopinga ni daftari la shukrani kugeuzwa kufuli la mdomo. Shukrani isiyo na jina la mtu, na ambayo haikupi ruhusa ya kutaja unachodai, haiponyi akili ya mtu yeyote. Ni njia ya adabu ya kukuambia unyamaze. Na huku mtaani kunyamaza kunaua.

Si mnajua vile neno "shukuru" linatumika huku Eastlands? Maji hayajatoka kwa ploti wiki mbili, unanunua mtungi kila siku, ukiuliza unaambiwa shukuru uko na paa. Umeporwa simu ukishuka stegi, watu wanakuambia shukuru hawakukudunga kisu. Nduthi imekugonga ukavunjika mguu, shukuru haikuwa kichwa. Umefutwa kazi bila barua, shukuru angalau ulikuwa na kazi, kuna wenye hawajawahi. Angalia vizuri hizo stori zote. Kila mara kuna mtu aliyekosea, na kila mara neno "shukuru" likishaingia, huyo mtu anatoka kwa stori pole pole kama mtu anatoka matangani kabla mchango haujafika kwake. Mwenye ploti hatajwi. Mwizi hatajwi. Mwajiri hatajwi. Unabaki wewe na moyo wako, ukiambiwa ni moyo ndio uko na shida.

Kuna upande mwingine pia lazima niuguse. Ni mabeshte zangu wanaosema hii ni mambo ya wazungu na watu wa Kileleshwa. Msee wangu mmoja, fundi wa kuchomea vyuma Kariobangi Light Industries, aliniona na daftari akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa utaandika unashukuru kwa hewa?" Namwelewa. Lakini na yeye amekosea, na nitaonyesha kwa nini.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao umebeba sehemu kubwa ya haya maneno ya daftari la shukrani. Waliwagawa wanafunzi wa chuo makundi matatu. Kundi la kwanza liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo hadi matano ya kushukuru. La pili liliandika mambo ya kuudhi. La tatu liliandika tu mambo yaliyotokea. Mwishowe kundi la shukrani liliyaona maisha yake kuwa mazuri zaidi, na lilikuwa na matumaini zaidi kuhusu wiki inayokuja. Walijaribu pia na watu wazima wenye magonjwa ya neva na misuli, wakaandika kila siku kwa siku 21. Hao hata usingizi wao uliboreka. Kwa hivyo hii si stori ya jaba. Kitu kipo.

Kipo kwa kiasi gani? Hapo ndipo wahamasishaji wetu huzima maikrofoni. Watafiti wengine wawili, David Cregg na Jennifer Cheavens wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, walikuja kukusanya tafiti 27 zenye jumla ya watu 3,675. Wakakuta kwamba mazoezi ya shukrani yanapunguza dalili za dipresheni na wasiwasi kidogo tu. Kidogo. Ushauri wao ulikuwa kwamba mtu mwenye dalili hizo atafute tiba iliyo na nguvu zaidi. Yaani daftari ni kama uji: unakupa nguvu, unapasha tumbo, lakini mtu mwenye malaria ukimpa uji peke yake na kumwambia ashukuru, wewe si muuguzi.

Na kwa wale wa "mambo ya wazungu", twende nyumbani. Mwaka 2021 Mkenya Tom Osborn na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa na wanafunzi 413 wa shule za sekondari za Nairobi na Kiambu, wote wakiwa na dalili za dipresheni au wasiwasi. Mpango wenyewe unaitwa Shamiri. Una mambo matatu: kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kushukuru, na kujua unachothamini maishani. Haukuendeshwa na madaktari. Uliendeshwa na vijana waliokuwa wamemaliza tu sekondari, wakafunzwa kwa muda mfupi, halafu wakakaa na wanafunzi kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Dalili za hao wanafunzi zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Sasa fundi wangu acheke tena. Hiyo ni shukrani, imefanya kazi hapa kwetu, kwa watoto wa shule zetu, ikifundishwa na vijana kama wale tunaowaita "hawana kazi". Lakini tazama ilivyofanywa. Walikaa kwa kikundi. Kulikuwa na mtu mbele yao anayesikiliza. Na shukrani ilikuwa kitu kimoja kati ya vitatu. Hakuna mahali mtu alirushiwa daftari mezani akaambiwa aende nalo kitandani peke yake na njaa yake. Huo ndio utofauti wa dawa na kufuli, na ndio naukosa kwa hizi hotuba zote za "kuwa na shukrani ubarikiwe".

Nirudi kwangu, kwa sababu sikujifunza haya kwa kusoma. Kusoma kulikuja baadaye.

Mimi niliandika. Tulivyoambiwa, vitu vitatu, kila usiku. Nashukuru nina kazi. Nashukuru nina afya. Nashukuru kwa familia. Kesho yake: nashukuru nina kazi. Nashukuru kwa paa. Nashukuru kwa uhai. Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa shukrani. Wakati huo kodi ya nyumba ilikuwa imepita mwezi mmoja, Fuliza ilikuwa imefika juu, na mathe alikuwa ananipigia kutoka ushago kuniuliza kama nimepata chochote, nami namwambia niko sawa, mambo ni poa. Usingizi ulikuwa umeisha. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na kuhesabu madeni hadi asubuhi. Na kila nilipotaka kumwambia mtu, kulikuwa na sauti: wewe usiye na shukrani, si uko na kazi?

Usiku wa arobaini na moja ulikuwa Jumamosi tarehe 18 Novemba. Mnakumbuka ile Novemba, mvua ya El Nino, nguo zilikuwa zinanuka unyevu wiki nzima. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha kwangu, nikapanda na daftari hadi kwa ruf, pale tunaanika nguo, kwa sababu mulika mwizi inamulika huko juu kama mchana. Lakini sikuwa nimepanda ruf kwa sababu ya mwanga peke yake. Hapo nitasimamia. Aliyewahi kufika hapo anaelewa, na ambaye hajafika namwombea asifike.

Aliyenikuta ni keateka wa ploti. Alikuwa ananitafuta kwa sababu ya kodi, na alikuwa na kufuli mfukoni, niliiona. Akaniangalia. Akaangalia ukingo wa ruf. Akakaa chini kwa beseni lililopinduliwa, akasema, "Leta hiyo kitabu nione."

Akasoma kurasa, moja moja, kwa mwanga wa mulika mwizi, midomo ikicheza. Mzee hana haraka. Halafu akasema, na nayaandika maneno yake vile alivyoyasema:

"Kijana, umeandika uko na kazi mara kumi na saba. Kwamba hujalipwa, hujaandika hata mara moja. Hii kitabu ni ya nani, yako ama ya bosi?"

Sikuwa na jibu. Nililia, sitaona haya kusema, mwanaume mzima wa miaka 25. Yeye hakuniambia nishukuru. Hakuniambia kuna wenye shida kunishinda. Aliniuliza wananidai nani na nani, na mimi nadai nani. Nikamwambia yote. Ilikuwa mara ya kwanza hizo hesabu kutoka kichwani mwangu zikasikiwa na mtu mwingine. Akanipa hadi tarehe 30. Jumatatu asubuhi akanisindikiza hadi kituo cha afya, akakaa na mimi kwa foleni karibu saa tatu, mpaka nikaona mshauri.

Na kabla mtu hajasema hii ni sinema: tarehe 1 Desemba alifunga nyumba. Kazi ni kazi, na yeye pia ana mwenye ploti juu ya kichwa chake. Nililala kwa beshte wangu Umoja siku tisa. Lakini kwa daftari langu, ukurasa wa tarehe 18 Novemba, jina la huyo mzee limeandikwa, na ndilo jina la kwanza la mtu katika daftari zima. Kurasa arobaini kabla yake hazina hata jina moja. "Familia" si jina. "Uhai" si jina.

Hapo ndipo nilielewa kwamba sisi watu wa mtaa tulikuwa na madaftari ya shukrani kabla ya yale ya wino wa dhahabu, na yetu yalikuwa bora. Hujawahi kuona kitabu cha mchango? Mtu akifiwa, au mtoto akiitwa chuo na karo haipo, kuna mtu mmoja anakaa na kitabu cha mistari, anaandika jina na kiasi. Fulani, mia mbili. Fulani, elfu moja. Mama Fulani, sukari kilo mbili na majani. Hicho kitabu hakitupwi. Miaka mitatu baadaye yule Mama Fulani akifiwa, watu wanakifungua. Hiyo ndiyo shukrani yenye miguu. Inajua ilikotoka na inajua inakorudi.

Na kile kitabu cha deni kwa mama mboga, kilichofungwa na kamba pale kwa kibanda? Mimi nilikula kwa hicho kitabu Oktoba na Novemba yote. Kila mstari uko na jina na pesa. Mama mboga anakupenda, anakuita "mwanangu", anakuongezea nyanya mbili juu. Na bado anaandika. Kwake upendo na madai hukaa ukurasa mmoja bila kugombana. Ni nani basi aliyetuambia kwamba mtu mwenye shukrani hawezi kudai? Aliyetuambia hivyo anadaiwa.

Hata utafiti unaenda upande huo wa jina. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu mazoezi kadhaa ya kuongeza furaha. Moja lilikuwa hili: mwandikie barua mtu aliyekutendea wema na hukuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha umpelekee mwenyewe, uso kwa uso, ndani ya wiki moja. Kati ya mazoezi yote waliyojaribu, hilo ndilo lililoinua watu zaidi mara moja, na athari yake ikabaki kwa mwezi mmoja. Linganisha na "nashukuru kwa hewa". Hewa haiwezi kufungua mlango na kushtuka ukiwa umesimama pale na barua.

Najua mnachotaka kusema. Acha niyajibu mapema.

Wa kwanza atasema: wewe ni mlalamishi, kuna vijana wamemaliza chuo miaka mitano iliyopita hawajapata hata kibarua. Ni kweli, wako, wengine tunakaa nao kwa ploti moja. Lakini ukiniambia nishukuru kwa sababu jirani yangu ana shida zaidi, hujanifundisha shukrani, umenifundisha kufurahia shida ya jirani. Na yeye naye atashukuru kwa shida ya nani? Tukifuata hiyo ngazi mpaka chini, kuna mtu mmoja wa mwisho Nairobi nzima ambaye hana wa kumshukia. Huyo tutamwambia nini?

Wa pili atasema: lakini Mungu ametuambia tushukuru kwa kila jambo. Mimi nimelelewa kanisani, sina ugomvi na Mungu. Lakini fungua Zaburi. Nyingi kati yake ni kilio. Ni watu wanaouliza kwa nini, mpaka lini, na adui zangu wako wapi. Ayubu alilalamika sura baada ya sura. Na majirani zangu Waislamu wa Pumwani wanafundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Watu, wenye majina na milango ya kubisha. Kwa hivyo ukinitolea dini ili ninyamaze, umesoma nusu.

Wa tatu atasema: sasa unataka bosi afanye nini, angalau alijaribu, hiyo daftari si ni pesa alitumia? Ndiyo, alitumia. Pesa ya mshahara wetu. Kaulimbiu ya Siku ya Afya ya Akili Duniani mwaka huo wa 2023 ilisema afya ya akili ni haki ya kila binadamu. Haki haifungwi kwa karatasi ya zawadi. Shirika la Afya Duniani likitaja mambo yanayoharibu akili ya mfanyakazi, linataja kazi kupita kiasi, kutokuwa na uhakika wa ajira, unyanyasaji na malipo yasiyotosha. Mbele ya hayo, ukimpa mfanyakazi daftari huku umekalia mshahara wake, wewe ni mtu anayemkanyaga mwenzake mguu na kumuuzia Panadol. Toa mguu kwanza. Na hapa Kenya si suala la huruma: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi wa mwezi alipwe mwezi ukiisha.

Nilisema kunyamaza kunaua, na sikusema hivyo kwa kunogesha. Mwaka 2020 jopokazi la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza hali ya afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Hiyo si mimi na daftari langu, hiyo ni ripoti rasmi. Na hadi Januari 2025, mtu aliyejaribu kujitoa uhai nchini hii na akaokolewa, sheria ilimwita mhalifu. Ilikuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Ni tarehe 9 Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Fikiria hiyo Novemba yangu. Juu ya ruf nilikuwa na sauti mbili: moja inaniambia nikisema niko vibaya sina shukrani, nyingine inaniambia nikisema zaidi ninaweza kuishia selo. Mkiuliza kwa nini vijana wa kiume huku hawaongei, anzeni hapo. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi tumewapa vijana kitabu kizuri cha kufichia maradhi, tena chenye utepe.

Kwa hivyo leo daftari langu liko hivi, na yeyote anaweza kuiga bure, hata kwa kitabu cha shilingi ishirini cha dukani.

Kila ukilifungua kuna kurasa mbili. Wa kushoto ni wa shukrani, na kanuni ni moja: bila jina la mtu, hakuna mstari. Sio "nashukuru kwa chakula". Ni nani alipika, nani alikopesha unga, nani aliniwekea sahani nilipochelewa. Ukikaa wiki nzima ukakosa jina hata moja, usijilaumu kwamba huna shukrani. Hiyo ni habari muhimu sana: uko peke yako kupita kiasi, na unahitaji mtu kabla ya kuhitaji daftari. Daftari langu la kijani lilikuwa linapiga kelele hiyo habari usiku arobaini, na mimi sikuisikia.

Wa kulia ni wa madai. Nani ananidai, mimi nadai nani, ni nini kimeniuma na nimemwambia nani. Tarehe na kiasi, kama mama mboga. Dai likishaandikwa linaacha kuzunguka kichwani saa tisa usiku. Na likiandikwa miezi miwili bila kusogea, unajua si wewe uliye mdhaifu, kuna mtu hajalipa.

Naandika Jumapili jioni pekee. Sonja Lyubomirsky na wenzake walilinganisha watu wanaohesabu baraka mara moja kwa wiki na wanaofanya hivyo mara tatu, na wa mara moja ndio walionufaika. Shukrani ya kila usiku kwa amri inakuwa kama kuimba wimbo wa shule, mdomo unaenda na akili iko nje inacheza mpira. Na kila mwisho wa mwezi nachagua jina moja la kushoto naenda kumwambia mwenyewe. Sio kwa ujumbe wa simu. Kwa miguu.

Mtu akiwa kule nilikokuwa mimi, kurasa zote mbili hazitoshi. Mwambie mtu mmoja leo, yeyote, hata kama amekuja kukufungia nyumba. Nenda kituo cha afya. Piga 1199, ni laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure. Daftari litakungoja.

Mtauliza mshahara uliishaje. Desemba tulikutana sita kati yetu, chai na mandazi kwa kibanda, kila mtu na daftari lake la kijani. Nikawaonyesha ukurasa wa kulia. Kila mmoja akaandika chake: miezi, kiasi, siku tulizoambiwa "wiki ijayo", na nani alituambia. Tukaenda ofisi ya leba. Afisa alisoma kurasa zetu kwa makini, akafika mahali akasita, akanyoosha kidole juu ya ukurasa.

"Hii 'Leo nashukuru kwa' ni ya nini?"

Tukamwambia ni ya mwajiri. Alitupatia yeye mwenyewe.

Januari tulilipwa mwezi mmoja. Ule mwingine mpaka leo sijauona. Uko ukurasa wa kulia, na sijaufuta.